Tovuti ya shirika: kabla ya kubishania WordPress au Drupal, ulizeni nani ataingia kuandika

Katibu_Maktaba (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, habari za jioni. Shirika letu ni dogo. Tuna maktaba nne za watoto upande wa Eastlands, Kayole hadi Umoja, wafanyakazi sita wa kulipwa na wengine wa kujitolea. Kamati ilinipa kazi ya kuchagua mfumo mpya wa kuendeshea tovuti yetu. Nimeshinda nayo wiki kadhaa, na nataka niwaeleze nilipofika, kwa sababu najua kuna makatibu wengi hapa Nairobi wanaotupiwa kazi hii bila kuulizwa kama wanajua hata seva ni nini.

Nianze na kilichotufikisha hapa. Tovuti yetu ya kwanza ilijengwa na kijana hodari kwa mfumo aliouandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Ilipendeza kweli. Kisha akapata kazi ng'ambo. Tangu siku hiyo, hata kubadilisha nambari ya simu tulilazimika kumwandikia yeye, naye alijibu alipopata nafasi. Nambari ya ofisi ilibadilika, ile ya zamani ikabaki pale miezi kumi na minne. Wazazi wakawa wanapiga, wanapokelewa na fundi wa magari asiyetujua. Halafu domeini, yaani anwani ya tovuti, ikaisha muda. Tulipokwenda kuilipia tukakuta imeandikishwa kwa jina lake na kwa barua pepe yake ya chuo, ambayo ilishafungwa. Ilitugharimu wiki saba za barua na vithibitisho kuirudisha mikononi mwetu. Simchukii yule kijana, hakuiba kitu. Sisi ndio hatukumwuliza swali hata moja.

Kwa hiyo safari hii sikuanza kwa kuuliza mfumo upi una mambo mengi. Nilianza kwa kuuliza: mwaka ujao, siku ya kawaida, fundi akiwa hayupo, nani ataingia kuweka habari? Kwetu jibu ni mama anayesimamia maktaba ya Kayole. Yeye ndiye mwenye habari. Anajua watoto wangapi walikuja, kitabu gani kinagombaniwa, lini tuna usomaji wa hadharani. Ana simu, hana kompyuta.

Nikamwomba rafiki fundi anisimikie mifumo mitatu kwenye seva ya majaribio, yaani kompyuta inayobeba tovuti: WordPress, Joomla na Drupal, yote mibichi, bila mapambo. Yote ni huru na haina ada ya leseni, kwa hiyo kujaribu kulitugharimu muda tu. Kisha nikampa yule mama kazi moja: weka tangazo la usomaji wa Jumamosi saa nne asubuhi, lenye picha moja na faili moja ya PDF, kwa simu yako, bila kumwuliza mtu. Nikakaa kando yake kwenye benchi la maktaba, nikafunga mdomo.

Kuufunga ilikuwa kazi. Kwenye Joomla aliandika vizuri, akachagua kundi, akahifadhi, akafungua ukurasa wa mwanzo kwa furaha, na tangazo halikuwepo. Ukurasa wa mwanzo wa Joomla, ukiuacha ulivyokuja, unaonyesha makala zilizotiwa alama ya kupewa kipaumbele peke yake, naye hakuiona hiyo alama. Aliburuta kidole juu chini, juu chini, akaniangalia. "Nimeiandika wapi sasa, binti yangu?" Kwenye Drupal tangazo lilitokea mbele mara moja, lakini hakupata pa kuweka PDF, kwa sababu sehemu ya faili inabidi iongezwe kwanza na anayejenga tovuti. Kwenye WordPress alihangaika na vile vipande, kila aya ni kipande chake na kila kipande kina vitufe vyake, na kwenye kioo kidogo vitufe vinaziba maandishi. Alifuta aya moja bila kutaka, akairudisha. Picha aliyoipiga kwa simu ilikuwa kubwa ajabu, lakini mfumo uliipunguza wenyewe. Akafika mwisho, akabonyeza kuchapisha, akanionyesha simu bila kusema neno.

Sisemi hapo ndipo WordPress ilishinda. Joomla na Drupal zingeweza kurekebishwa na fundi kwa nusu siku zikafanya hayo hayo. Ila nilijifunza zaidi kwenye lile benchi kuliko kwenye mapendekezo matano ya kampuni niliyoletewa ofisini, na hakuna hata moja kati ya hayo matano lililotaja ni nani ataandika.

Naomba maoni yenu kabla sijarudi kwa kamati.

Fundi_wa_Ngara

Dada Katibu, nimesoma mpaka mwisho na nakupa heko kwa jaribio la benchi. Lakini niruhusu nipinge kidogo, maana mimi ni mtu wa Drupal, naijenga kwa mkate wangu.

Jaribio lako lilipima kitu kimoja, tangazo. Tovuti ya shirika si matangazo peke yake. Una maktaba nne. Kila moja ina mahali, saa za kufungua, msimamizi na orodha ya matukio. Kesho utataka mtu akifungua ukurasa wa Umoja aone matukio ya Umoja tu. Katika Drupal unaunda aina ya maudhui iitwayo Maktaba, na nyingine iitwayo Tukio, unaziunganisha, na mwandishi anajaza fomu tu. Mambo hayo yamo ndani ya mfumo wenyewe. Kwenye WordPress utaanza kurundika programu-jalizi, yaani plagini, programu ndogo za kuongezea mfumo kazi: moja ya matukio, moja ya sehemu za ziada, moja ya lugha, na kila moja ina mwenyewe, ina siku yake ya kufa. Na lugha je? Mnaandika Kiswahili na Kiingereza. Tangu Drupal 8 ya mwaka 2015, tafsiri za maudhui zimo kwenye mfumo wenyewe. Joomla nayo inazo. WordPress mpaka leo inategemea plagini kwa kazi hiyo.

Tena kumbuka matundu mengi ya usalama yanayoripotiwa upande wa WordPress yamo kwenye plagini, si kwenye kiini, yaani mfumo wenyewe. Kadiri unavyorundika ndivyo unavyofungua milango.

Katibu_Maktaba

Ndugu Fundi, asante, hoja ya aina za maudhui sikuwa nimeiona hivyo. Umenipa kazi ya kufikiri na nitakujibu kwa uaminifu.

Juu ya usalama, nimesoma historia ya pande zote. Tarehe 15 Oktoba 2014 watu wa Drupal walitangaza tundu kubwa katika Drupal 7. Wiki mbili baadaye timu yao ya usalama ikasema kwamba kila tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa saba tangu tangazo lile ihesabiwe kuwa imevamiwa. Nikageuza saa hizo kuwa za Nairobi. Tangazo lilitoka Jumatano saa moja jioni, na mwisho wa muda ulikuwa saa nane usiku. Sasa niambie, ndugu yangu, katika shirika la watu sita nani angekuwa macho kuziba tundu saa hizo? Timu ya Drupal ilifanya lililo sawa, tena ilisema wazi. Ninachosema ni kwamba mfumo wowote, hata ulio imara, unataka mtu wa kuushika. WordPress tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 inajizibia yenyewe marekebisho madogo ya usalama ya kiini. Kwa watu kama sisi hilo ni jambo zito kuliko uzuri wa usanifu.

Tena kuna suala la kuhama. Drupal 7 ilitoka 2011 na ikaacha kuhudumiwa tarehe 5 Januari 2025. Waliokuwa juu yake, kwenda toleo la 8 na kuendelea hakukuwa kupandisha toleo, kulikuwa karibu kujenga upya. Taasisi yenye idara ya teknolojia inaweza kubeba hilo. Sisi tungerudi kulekule kusubiri mtu wa ng'ambo.

Juu ya plagini umenishinda. Nitaomba iandikwe kwenye mkataba kwamba zisizidi chache tulizokubaliana, na kila moja ielezwe ni ya kazi gani. Na ile tabia ya kusakinisha themu (sura za tovuti zilizotengenezwa tayari) za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazogawiwa bure mitandaoni, nitaikataza kwa maandishi. Nyingi huja na mlango wa nyuma ndani yake, njia ya siri ya mtu mwingine kuingia.

Mwalimu_Kangemi

Naomba kuuliza kwa heshima. Kwa nini msitumie Wix au zile huduma nyingine za kujengea tovuti unazolipia kwa mwezi? Shule yetu ilifanya hivyo, mwalimu mmoja alijenga kwa siku tatu za likizo, hatuna seva wala fundi. Au hata ukurasa wa Facebook tu, si wazazi wote wako huko?

Katibu_Maktaba

Mwalimu, swali zuri, na kwa shule yenu huenda mlichagua sawa. Kuna mashirika ambayo ningeyaambia yafanye hivyo kesho asubuhi: lenye kurasa tano zisizobadilika, mtu mmoja mwenye moyo, na bajeti ya kila mwezi isiyokatika.

Kilichonizuia ni mlango wa kutokea. Wix wenyewe wanaeleza kwamba tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kubebwa ikaendeshwe kwenye seva ya mtu mwingine. Siku mkitaka kuondoka, mnanakili maandishi na picha na kuanza upya kwingine. Sisi tulishafungiwa nje ya nyumba yetu mara moja. Tena malipo ni kwa kadi na kwa dola, na ufadhili wetu huja kwa vipindi. Kadi ikikataa mwezi mmoja, tovuti iko mashakani.

Facebook tunaitumia na tutaendelea. Lakini mfadhili akitaka hesabu zetu za mwaka, au mzazi akitafuta saa za kufungua bila akaunti, anahitaji mahali palipo petu. Anwani yetu inaishia na .or.ke, ambayo ni ya mashirika yasiyo ya kibiashara, na mtu akiiona anajua ni ya hapa nchini na msajili wake, KeNIC, yuko hapa hapa.

Mhazini_mstaafu

Binti, mimi nimekaa kwenye kamati nyingi na nimeona pesa zikipotea. Niambie lugha ya mhazini: tutalipa nini na mara ngapi?

Katibu_Maktaba

Shikamoo mzee. Nakujibu nilivyomjibu mhazini wetu.

Programu yenyewe ni bure, na hapo ndipo kamati nyingi hujidanganya. Kuna domeini kila mwaka. Kuna hosti, yaani kukodi nafasi kwenye seva, kila mwezi au kila mwaka. Kuna ujenzi, unaolipwa mara moja. Halafu kuna utunzaji, ambao hauandikwi kwenye bajeti kabisa: kupandisha matoleo, kuangalia nakala rudufu, kuondoa plagini iliyoachwa na mwenyewe, kumfundisha msimamizi mpya wa zamani akiondoka. Mimi nimeomba theluthi ya fedha yote iwekwe kando kwa utunzaji wa miaka miwili, na nimekataa pendekezo moja zuri la sura kwa sababu lilimaliza fedha yote kwenye ujenzi.

Kuhusu michango, kampuni tatu zilitaka kutuuzia kiunganishi cha M-Pesa ndani ya tovuti. Nimekikataa kwa sasa. Tuna nambari ya Paybill. Tukiiandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mchangiaji ili ahakikishe kabla ya kuweka PIN, pesa inafika ile ile, na hakuna kitu cha kuharibika usiku. Siku michango ikiwa mingi hata mhasibu ashindwe kuilinganisha na majina, hapo tutanunua.

Fundi_wa_Ngara

Hilo la Paybill nakuunga mkono kabisa. Nimejenga viunganishi hivyo, na nusu ya simu ninazopigiwa ni kwa ajili yao.

Swali moja. Mtakuwa na picha za watoto na fomu ya kujiandikisha?

Katibu_Maktaba

Ndugu, umegusa jambo lililonikosesha usingizi.

Tovuti yetu ya zamani ilikuwa na fomu ya uanachama: jina la mtoto, umri, shule, mtaa, simu ya mzazi. Tulipofanikiwa kuingia tukakuta maombi yote ya miaka yamelala mle, yanasomeka na yeyote mwenye nywila, na nywila ilikuwa moja, watu wote wameijua. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Inataka pia uvujaji wenye hatari uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Nilijiuliza: zingevuja, tungejuaje kwanza kwamba zimevuja?

Kwa hiyo uamuzi wangu mkali kuliko yote hauhusu mfumo. Fomu ya uanachama haitakuwa kwenye tovuti mpya. Mzazi atakuja maktaba, atajaza karatasi, atatia sahihi ya idhini ya picha kando na ya uanachama. Tovuti haiwezi kuvujisha kitu ambacho haikukihifadhi. Na kila mwandishi atakuwa na akaunti yake, yenye haki za kuandika tu. Mama wa Kayole ataingia kama mwandishi, mimi kama mhariri, na akaunti ya msimamizi mkuu tutaifungua mara chache, kwa uthibitisho wa hatua mbili.

Mwalimu_Kangemi

Dada, hapo umenifanya nirudi kuangalia fomu yetu ya shule usiku huu. Asante.

Nje ya mada kidogo: ni kweli kwamba Joomla ni neno letu?

Katibu_Maktaba

Ni kweli, mwalimu. Mwaka 2005 watengenezaji wa mfumo ulioitwa Mambo walijitenga, wakachagua jina jipya kutoka Kiswahili, jumla, wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza ili litamkike. Nililipenda sana jambo hilo, na nakiri nilitamani Joomla ishinde kwenye benchi. Kwa shirika linalotaka lugha mbili bila plagini, bado ni chaguo la heshima. Kilichotuzuia ni kwamba nilipowauliza mafundi niliowajua hapa mjini, wa kuishika walikuwa wachache, na mimi nilitaka mfumo ambao fundi mmoja akiondoka nampata mwingine wiki ile ile. WordPress iko kwenye zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani, na hapa Nairobi fundi wake hupatikana kirahisi.

Fundi_wa_Ngara

Kupatikana kirahisi, lakini wapime. Wengi wanajua kubandika themu tu.

Katibu_Maktaba

Ndiyo maana nakuomba msaada, ndugu. Ukiwa wewe ndiye katibu, ungewauliza nini?

Fundi_wa_Ngara

Ningewauliza mambo matatu, na mengine yote ningeyaacha. Kwanza, nirudishie tovuti hii kutoka kwenye nakala rudufu sasa hivi, mbele yangu, kwenye seva tupu. Asiyeweza, hana nakala, ana matumaini. Pili, zima programu yako ya kujengea kurasa kwa kuburuta, kisha nionyeshe kinachobaki. Nyingine zikizimwa maandishi yote yanageuka mabano na misimbo, na hapo utakuwa umefungwa kwa kamba mpya. Tatu, fungua ukurasa wa mwanzo kwa simu ya bei ya chini, kwa bando la kawaida, si kwa Wi-Fi ya ofisi yake. Kama kuna video inayojicheza na picha tano zinazopishana, mzazi wa Kayole ataona duara linazunguka na bando lake linaisha.

Na bado nasema, maktaba zenu zikifika ishirini, nipigie, tutazungumza Drupal.

Katibu_Maktaba

Zikifika ishirini nitakupigia, na nitafurahi.

Wadau, narudi baada ya wiki tatu kuwapa mrejesho. Kamati imekubali WordPress ya kujisimamia wenyewe kwenye hosti ya hapa nchini, si ile huduma ya WordPress.com ambapo wao ndio wanakuendeshea, maana watu wawili kwenye kikao walidhani ni kitu kimoja. Lugha mbili kwa plagini moja, matukio kwa plagini moja, nakala rudufu kwa plagini moja inayopeleka nje ya seva kila usiku. Nilitumia maswali yote matatu ya ndugu Fundi. Fundi wa kwanza alishindwa la nakala, akaomba arudi kesho. Wa pili alipita yote, na la tatu alilifanya kwa simu ya askari wetu wa lango.

Domeini sasa iko kwa jina la shirika, kwa barua pepe ya ofisi ambayo watu watatu wanaifungua. Tarehe ya kuilipia imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, karibu na ile ya kodi ya nyumba. Nywila kuu ziko kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la mhazini, na bahasha nyingine kwa mwenyekiti.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye matatu Barabara ya Jogoo, nikafungua tovuti kwa simu. Kulikuwa na habari mpya: watoto wa Kayole wamemaliza kusoma rafu yote ya hadithi za wanyama na wanaomba vitabu vingine. Picha inaonyesha rafu tupu, hakuna sura ya mtoto hata mmoja. Sikuwa nimeambiwa chochote. Mama aliiweka saa kumi na mbili na robo, kabla ya kufungua mlango.

Mwenye vitabu vya hadithi za wanyama vya darasa la pili hadi la nne, saa za kufungua ziko kwenye tovuti, na nambari ya simu ni ile sahihi.